Mbwa Aliyengoja Saa Kumi na Mbili

Kuna Alhamisi moja ya mwezi wa Ramadhani ambayo nikiikumbuka, mwanangu, uso hunijaa haya na moyo hunijaa shukrani, vyote kwa pamoja. Nilikuwa na miaka ishirini, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili yangu. Siku hiyo, kwa neno moja tu, nilikaribia kumuua mbwa asiye na hatia. Aliyeniokoa nisiubebe mzigo huo hadi leo ni mzee mmoja aliyekuwa anarudi kutoka Molo na gunia la viazi begani. Keti nikuhadithie. Chai ipo, na hakuna anayetufukuza.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, hapa hapa Nakuru. Babu yangu alitoka pwani akifuata kazi ya reli, akaoa huku, akasahau kurudi. Nyumbani kwetu mbwa hakuvuka kizingiti. Haikuwa chuki. Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa mchanga, na mama yangu hakuwa na mchezo na jambo hilo. Kwa hiyo nilikua nikiwajua mbwa kwa mbali, kama unavyowajua watu wa mtaa mwingine. Unasikia kelele zao, lakini hujui wanakula nini wala wakifurahi wanafanyaje.

Nikapata kazi ya upishi mtaa wa Milimani, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa haki. Alinipa chumba changu mwenyewe, akaniacha nifunge na nifuturu bila maswali, na hakuwahi kunigusisha nyama ambayo siili. Ila alikuwa na mbwa. Mbwa mkubwa wa rangi ya nyasi kavu, sikio moja limesimama na jingine limelala, jina lake Bosko. Aliyemtunza ni Mzee Kosgei, soja wa geti, Mkalenjin mrefu wa maneno machache ambaye alikuwa kwenye nyumba ile kabla Bosko hajazaliwa.

Kazi yangu kwa Bosko ilikuwa kumpikia tu. Nilisonga ugali wa mbwa, yaani unga uliochanganywa na pumba, mifupa ya kutoka bucha na vumbi la dagaa wa omena, nikaiweka sufuria dirishani, Mzee akaja kuichukua. Kilichofuata huko nyuma ya nyumba sikukijua na sikutaka kukijua. Mwaka mzima tuliishi hivyo mimi na Bosko, majirani wasiosalimiana.

Ilipofika Ramadhani ile, viazi vya Mzee vikawa tayari shambani kwao Molo. Mwalimu akampa ruhusa ya siku nne. Jumatatu asubuhi, kabla hajaondoka, alikuja mlangoni pa jikoni, kofia mkononi.

"Zuhura, hii mbwa haina shida," akaniambia. "Inakula saa kumi na mbili jioni. Si mbele, si nyuma. Ikisikia mwiko itaruka ruka, usiogope. Simama tu, nyamaza. Ikikaa chini, weka sahani. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Nilikuwa naokota mawe kwenye mchele, wala sikuinua kichwa. Wazee wa kale walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nililiweka tayari asubuhi hiyo.

Maana fikiria mwenyewe. Saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Ramadhani, mpishi aliyefunga ana nini mikononi? Nina uji wangu motoni, nina chakula cha Mwalimu, nina viazi vitamu vya futari. Kisha nitoke nikamlishe mbwa, anilambe, nianze kuosha mara saba na kutafuta mchanga huku magharibi inaingia? Nikajiambia, mbwa ni mbwa, atakula saa yoyote. Jumatatu na Jumanne nikampa mchana nilipopata nafasi. Jumatano nikasahau hadi saa tatu usiku. Tena sikumwekea sahani. Nilisimama mlangoni, nikachota matonge kwa mwiko mrefu, nikamrushia kwa mbali, naye akayadaka hewani. Niliona nimepata akili. Sikujua nilikuwa natoa mafunzo.

Alhamisi ikafika. Mzee alikuwa amesema angerudi siku hiyo kabla ya giza, nami nikaona basi, akija atamlisha mwenyewe. Tangu saa tatu ya usiku uliotangulia Bosko hakuwa ameonja kitu. Saa kumi na mbili ikapiga. Nilikuwa nakoroga uji wangu wa mchele, nikagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kuukung'uta, kama mpishi yeyote anavyofanya.

Nikasikia kishindo mlangoni. Bosko alikuwa amerukia mlango wa jikoni, akausukuma ukafunguka. Akazunguka katikati ya jikoni mara mbili, mara tatu, akajirusha juu hadi pua yake ikafika kidevuni kwangu, mate yanamtiririka, yamekuwa povu pembeni mwa mdomo. Analia sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia. Mkia wake ukapiga jagi nililokuwa nimeanza kumiminia uji, uji ukamwagika sakafuni, na mate yakanilowesha kanga yangu kifuani.

Nilipiga yowe. Nikamfukuza kwa ufagio, akatoka mbio, nikafunga mlango kwa komeo. Nilipochungulia dirishani, nikamwona anaizunguka nyumba kwa kasi, mkia ameukunja, macho yametoka, anateleza kwenye kona, anazunguka tena. Nikafungua dirisha, nikaita kwa nguvu zangu zote kuelekea ua wa jirani:

"Kichaa! Mbwa ameshikwa na kichaa!"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Katika sehemu zetu hizi neno hilo huitikiwa haraka kuliko moto. Watu wamezika watoto wao kwa ugonjwa huo, na hakuna anayesubiri kuuliza mara mbili. Kabla sijamaliza kuita, Wafula, mtu wa shamba wa nyumba ya jirani, alikuwa amefika na jembe. Nyuma yake mafundi wawili waliokuwa wakitengeneza paa, kila mmoja na ubao wake mkononi.

"Siste, imekuuma?" Wafula akauliza.

"Hapana. Imenirukia."

"Hiyo ni kichaa, hakuna ingine. Ona povu."

Wakamzunguka Bosko pole pole, wakamsukuma hadi nyuma ya tangi la maji. Hakuwangurumia. Alijibana ukutani, anatetemeka, macho yake yako jikoni. Fundi mmoja akaupima ubao wake mkononi, akasogea hatua moja, kisha nyingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, si pale nilipoita. Mtu mwenye hofu huita. Lakini nilipokuwa nimesimama pale dirishani, hofu ilianza kushuka na akili ikarudi, na nilijua. Nilijua mbwa hajala. Nilijua niliambiwa saa kumi na mbili. Neno dogo tu, "Ngojeni, sijampa chakula," lingetosha. Sikulisema. Niliona haya mbele ya wanaume wale, na niliogopa Mwalimu akirudi atajua nimepuuza kazi. Nikaona afadhali mbwa afe kuliko mimi niaibike.

Hapo ndipo geti lilipofunguka, Mzee Kosgei akaingia na gunia lake. Aliangalia watu, akaangalia mbao, akaangalia nyuma ya tangi. Akalishusha gunia pole pole, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Subirini," akasema. "Nani amesema ni kichaa?"

Wote wakageuka kuniangalia.

"Zuhura, hii mbwa imekula saa ngapi?"

Nikakumbuka na mimi nimefunga, nikaona haya zaidi. "Leo bado, Mzee."

"Na jana?"

"Saa tatu usiku."

"Na juzi?"

"Mchana."

Akawageukia wale wanaume. "Mbwa ya kichaa mimi naijua. Kule nyumbani nimeona mbili. Haijui mwenye yake, inang'ata hata jiwe, na maji inashindwa kumeza. Kama ni hiyo, mimi mwenyewe nitafunga geti tuite daktari ya wanyama, na hakuna mtu atakaribia. Lakini hii imedungwa sindano, karatasi iko kwa Mwalimu. Rudini nyuma ya geti. Mnipe dakika kumi."

Wafula alitaka kubisha, akauona uso wa Mzee, akarudi nyuma na wenzake. Mzee akaniomba ile sufuria ya ugali wa mbwa niliyokuwa nimeisonga asubuhi. Nikampitishia dirishani pamoja na mwiko.

Akasimama mbali na tangi, akagonga mwiko kwenye ukingo mara moja. Bosko akatoka mbio, akaruka. Mzee hakumfukuza wala hakumkemea. Alimgeuzia mgongo tu, sufuria kifuani. Bosko akazunguka, akaruka tena. Mzee akageuka tena, kimya. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tano mbwa akasimama, akamwangalia, akatoa ule mlio wake mwembamba, halafu akakaa. Alikaa mwili mzima unamtikisika, mate yanadondoka chini kwenye saruji, lakini alikaa. Ndipo Mzee akaweka chakula kwenye sahani, akasogea kando.

Bosko alikula kama hakutakuwa na kesho. Alipomaliza, Mzee akamsogezea karai la maji. Akanywa hadi ulimi ukaanza kugonga bati.

"Mmeona maji?" Mzee akauliza bila kugeuka.

Wakaitikia kuwa wameona. Mara Bosko akachomoka, akazunguka bustani mbio, masikio nyuma, nyasi zinaruka. Wafula akaushika ufito wa geti.

"Na sasa inakimbia nini tena?"

"Imeshiba," Mzee akasema. "Wewe ukishiba na kufurahi hauimbi?" Akamwita Bosko kwa sauti ya chini, akamlaza karibu na miguu yake. "Lala sasa. Tumbo ikijaa haitaki mchezo."

Mafundi wakacheka, wakaweka mbao zao begani. Mmoja akanipungia mkono. "Siste, karibu utufanye tuue mbwa ya wenyewe." Aliyasema kwa mzaha, akaenda zake. Mimi sikucheka.

Nikangoja kukemewa. Mzee akaja mlangoni, akauona uji sakafuni, akaiona kanga yangu.

"Redio yako imesema?" akauliza.

Ilinichukua muda kuelewa anauliza adhana. "Bado, Mzee."

"Basi tungoje."

Akageuza kreti tupu la soda, akalikalia pale nje. Nilibadilisha kanga, nikaosha nilipopaswa kuosha, nikafuta sakafu. Nikatenga tende zangu tatu na bilauri ya maji juu ya meza, nikakaa. Adhana ilipoingia redioni, akaniashiria kwa kidevu nile. Nikafungua. Nikaenda kuswali, nikarudi, yeye bado yuko kwenye kreti lake. Ndipo akasema.

"Nimekuona ukiangalia saa. Unajua ni mara ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Mara sita. Na wewe ni mtu, unajua Mungu, unajua redio itasema saa ngapi. Sikufananishi na mbwa, unisamehe. Naongea juu ya tumbo. Hii mbwa haina redio. Redio yake ni wewe. Leo unasema mchana, kesho usiku, kesho kutwa hausemi kitu, na mwiko unagonga. Sasa itafanya nini?"

Nikautazama ule mwiko wangu mrefu.

"Chakula ulikuwa unairushia?"

"Ndiyo."

"Basi kurukia mtu umefundisha wewe." Akanigeukia. "Hiyo yote si kitu, hukujua. Asiyejua anafundishwa. Lakini wale watu walikuwa na mbao, na ulijua haijakula. Ulinyamaza kwa nini?"

Nililia, mwanangu, nililia hadi kwikwi. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Lia kidogo. Halafu Mwalimu akikuja, umwambie wewe mwenyewe."

Baadaye, nilipotulia, nilimuuliza mbona hakunikemea palepale mbele ya watu, maana nilistahili. Akashangaa kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ulikuwa na njaa," akasema. "Mtu ya njaa haambiwi kitu. Inasikia kelele tu."

Mwalimu aliporudi usiku ule nilimwambia yote, hata lile la kunyamaza, huku nikiwa nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko nikingoja kufukuzwa. Alivua viatu, akakaa, akafikiri. Mwisho akasema, "Afadhali nimelisikia kwako kabla ya kulisikia kwa Wafula. Kesho saa kumi na mbili utamlisha wewe. Mzee atasimama kando."

Jumapili nikaenda Bondeni, nikamweleza mama, nikitumaini atanitetea kwa ajili ya mate yale. Mama alikuwa anachambua mchicha. Akaniambia, "Zuhura, najisi huoshwa kwa maji na mchanga. Dhuluma utaiosha na nini?" Akaendelea na mchicha wake. Lakini akanipa kanga kuukuu ya kuvaa wakati wa kulisha mbwa, niivue nikimaliza.

Hivyo nikajifunza, jioni baada ya jioni. Nilijifunza kwamba mbwa hana saa mkononi lakini ana masikio: anajua hatua zako, komeo la stoo, mfuko wa unga ukifunguliwa, na kila kimoja kinamwambia chakula kinakaribia. Kuruka kwake na kuzunguka kwake ni kungoja kulikomzidi nguvu. Ukimpigia kelele anadhani nawe umeingia kwenye shangwe. Ukimchezea chakula unamtia wazimu kwa mkono wako. Ukisimama kimya na ukaja saa ile ile, anatulia mwenyewe, na akiwa anakula humsogelei wala humgusi, maana hata wewe usingependa. Kabla mwezi haujaisha, Bosko alikuwa ananikuta amekaa tayari kando ya sahani yake. Siku ya Idi nilimpa mfupa wenye nyama ya kutosha, nikasimama kumwangalia, na sijui kwa nini machozi yalinitoka. Nadhani ni kwa sababu alikuwa hai.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nimemlisha Bosko miaka saba hadi uzee ukamchukua. Nimeolewa, nimelea watoto wanne, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akirudi kutoka gereji jioni akiwa na uso wa kutafuta ugomvi. Nilimwekea sahani kwanza, maneno baadaye, na mara nyingi baadaye hayakuwepo maneno. Wifi zangu walidhani nina dawa.

Mzee Kosgei alipofariki nilikwenda Molo. Nilisimama na buibui langu kati ya watu wa kanisa lake, na waliponipa nafasi niliwaambia jambo moja tu: huyu mtu aliniona nimekosa kosa kubwa, akakaa juu ya kreti akangoja nifuturu ndipo akanikemea. Sikuweza kuongeza zaidi ya hapo. Mjane wake aliniita nikakae karibu naye, akanishika mkono hadi jeneza likashushwa. Mwanangu, sina namna ya kumlipa mtu yule. Namshukuru Mungu kwa kila siku niliyofanya naye kazi, na ninakupa wewe alichonipa.

Siku hizi naishi Kaptembwo, na vijana wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga wana simu. Juzi nilimwona mmoja anamnyanyulia mbwa wake bakuli juu, anamrukisha rukisha ili achukue video, wenzake wanacheka. Nilimwita, nikamkalisha. Alidhani nitamkemea. Nilimuuliza kwanza kama yeye mwenyewe amekula, akasema bado, nikampakulia githeri ya mahindi na maharagwe. Maneno yetu tuliyaongea kwenye chai.

Basi shika haya. Ukipewa kiumbe akutegemee kwa chakula, mbwa, mtoto au mzee kama mimi, mpe saa yake na uishike, maana wewe ndiye unayemjulisha kesho itakuwaje. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa alivyokuwa kabla hajala. Mnyama akikataa chakula na maji na akawa hamjui mwenyewe, usijifanye shujaa. Mfungie, mwite daktari. Lakini kabla hujamwita kiumbe yeyote kichaa, uliza amekula lini. Na ukijua kwamba aliyemlaza njaa ni wewe, sema. Sema hata kama uso utakuiva, sema wakati bado kuna anayeweza kuokolewa, kwa sababu si kila mara mzee wa Molo hufika getini kwa wakati.

Mola akupe riziki yako isichelewe. Akupe ulimi unaotangulia kusema kweli kabla ya kujitetea. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu wa kukungojea ule kwanza. Amina, mwanangu.